Mji Husomwa Kuanzia Miguuni

Kila mwaka wataalamu kadhaa wa Afrika Mashariki huenda kufanya kazi katika vyuo vikuu, maabara na ofisi za nchi za ng'ambo, wengine kwa miezi sita, wengine kwa miaka. Wanaporejea huulizwa juu ya kazi waliyoifanya, na jibu lao huwa kamili: walipima nini, kwa chombo gani, wakapata nini. Wanapoulizwa juu ya mtaa uliokizunguka kituo chao cha kazi, jibu huwa fupi. Mtaa ulikuwa safi, majengo yalikuwa marefu, treni hazikuchelewa. Baadhi huonyesha picha. Ni ajabu kwamba mtu aliyefunzwa asikubali jambo lolote pasipo kipimo huweza kupita kila siku, asubuhi na jioni, katikati ya kazi kubwa kabisa ya sayansi iliyo karibu naye, asiiulize hata swali moja.

Kazi hiyo ni mtaa wenyewe. Mtaa wa kisasa ni mkusanyiko wa majibu ya maswali yaliyoulizwa na maumbile ya mahali: maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, udongo unaweza kubeba uzito gani, upepo mkali unavuma kutoka upande upi. Aonaye jibu pasipo kulijua swali huondoka na sura ya jibu tu, na sura hiyo akiipeleka kwao huweza kuleta madhara badala ya maendeleo. Wazee walikwisha sema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mtaa wa kisasa yafaa kuongeza kwamba hata ndani hakutoshi; sharti mtu ainame aangalie umekaa juu ya nini.

Mtaa mmoja wa Ujerumani unaonyesha jambo hili kwa uwazi usio wa kawaida. Unaitwa HafenCity, nao umo katika mji wa bandari wa Hamburg. Eneo lake ni hekta 157, nchi kavu pamoja na maji, na zamani lilikuwa sehemu ya bandari. Nia ya kuujenga ilitangazwa mwaka 1997, mpango mkuu ukapitishwa mwaka 2000, na wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 2005. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha HafenCity, ambacho hufundisha usanifu wa majengo, uhandisi wa ujenzi na upimaji wa ardhi, kilihamia katika jengo lake lililo kando ya maji. Mhadhiri mgeni anayealikwa huko hujikuta akifanya kazi katikati ya kitabu cha somo lake, iwapo ana nia ya kukifungua.

Mathalani Mtanzania aliyepewa nafasi ya mwaka mmoja chuoni hapo hufika kazini kwa treni ya chini ya ardhi. Katika kituo anachoshukia yamening'inizwa makasha 12 ya mwanga yenye umbo la makontena ya meli, nayo hubadilika rangi. Karibu kila mgeni huyapiga picha, wala si vibaya. Lakini akipanda juu na kutembea kama robo saa kuelekea magharibi, hadi kwenye bwawa la zamani la meli liitwalo Sandtorhafen, atakuta jambo linalostahili kutazamwa zaidi ingawa halina rangi. Hapo pana vipandio vipana vinavyoshuka kutoka usawa wa barabara hadi karibu na maji, na huko chini pana gati linaloelea ambamo zimefungwa meli za kale. Gati hilo limeshikizwa kwenye nguzo ndefu kwa namna ya kuliwezesha kupanda na kushuka. Daraja jembamba linaloliunganisha na nchi kavu huweza kuwa limelala asubuhi, na saa sita baadaye likawa limeinama kama ngazi ya kupandia paa.

Maji yamekupwa. Hamburg iko yapata kilometa 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, kando ya mto Elbe, na bado bahari huufikia mji huo mara mbili kwa siku. Mtoto wa Pangani, ambaye mto wake pia hupokea maji ya bahari, hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anajua kujaa na kupwa, anajua bamvua na maji mafu, na anajua kwamba mambo hayo yanamtegemea mwezi. Hapo Hamburg tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni zaidi ya mita 3 na nusu, ambayo haipishani sana na bamvua la pwani ya Tanzania.

Walakini haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 tofauti hiyo ilikuwa yapata mita 2 tu. Kilichoiongeza si mwezi wala jua, maana hivyo havikubadilika. Ni binadamu. Mkondo wa Elbe umechimbwa tena na tena ili meli zenye kina kikubwa zaidi ziweze kuufikia mji, na mabonde ya kando, ambayo zamani yalikuwa yakipokea maji yaliyozidi, yametengwa kwa matuta. Katika mkondo wenye kina msuguano hupungua, na wimbi la maji kujaa hufika juu likiwa bado na nguvu zake. Mji uliitaka meli, ukaletewa na bahari pamoja nayo. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa tendo moja lenye matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lisilokusudiwa, hatapata mfano mzuri kuliko huu.

Juu ya hayo kuna upepo. Pepo kali za kaskazini-magharibi zikivuma kwa muda mrefu juu ya Bahari ya Kaskazini, huyasukuma maji hadi kwenye kona ambapo pwani ya Denmark hukutana na ya Ujerumani. Kona hiyo ni kama faneli, na Elbe ni mrija wake. Maji yasiyo na pa kwenda hupanda, na ikiwa upepo umekutana na saa ya maji kujaa, hupanda sana. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Februari 1962 yalifika mita 5.70 juu ya usawa wa bahari. Matuta yalivunjika mahali kama 60, karibu sehemu moja ya sita ya mji ikafunikwa na maji, na watu 315 wakafa. Wengi wao walikuwa wakazi wa Wilhelmsburg, kisiwa cha chini kilichomo mtoni, na wengi walikumbwa wakiwa usingizini. Tarehe 3 Januari 1976 maji yalipanda zaidi, hadi mita 6.45, lakini safari hiyo matuta yalikwisha kuinuliwa na maafa ya 1962 hayakujirudia.

Sasa swali la HafenCity linaonekana. Ardhi ya mtaa huu iko nje ya matuta makuu yanayoulinda mji, na sehemu yake kubwa ilikuwa na kimo cha kati ya mita 4 na 7 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya 1976 ingezama. Wahandisi walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuzungushia mtaa tuta lake wenyewe. Lakini tuta ni kama mtumbwi, lisipokamilika pande zote halina faida, kwa hiyo ingelazimu kulimaliza lote kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa. Aidha lingewaficha wakazi yale maji ambayo ndiyo sababu ya wao kutaka kukaa pale. Njia ya pili ilikuwa kuyaacha maji yapite na kuziinua nyumba, na hiyo ndiyo iliyochaguliwa.

Kila kundi la majengo, basi, limekaa juu ya kilima cha kujaziwa chenye kimo cha mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya vilima hivyo, ambamo mgeni hudhani mna udongo mtupu, mara nyingi mna maegesho ya magari yenye milango mizito ya kuzuia maji inayofungwa dhoruba inapotangazwa. Njia za kutembelea kando ya maji zimeachwa chini kwa makusudi. Hizo zinaruhusiwa kuzama. Kwa kuwa mtaa uliozungukwa na maji unaweza kugeuka kisiwa wakati mgonjwa anahitaji gari la hospitali, yalijengwa pia madaraja ya Kibbelsteg, yenye njia ya juu ambayo gari la zimamoto linaweza kuitumia hata barabara za chini zikiwa zimefunikwa. Desemba 2013 dhoruba iliyopewa jina la Xaver ilileta maji ya mita 6.09. Njia za chini zilizama kama zilivyopangiwa kuzama.

Ni vyema kutambua kwamba wazo hilo si la kisasa hata kidogo. Watu wa mabwawa ya Bahari ya Kaskazini wamekuwa wakijenga juu ya vilima vya mikono tangu zamani za kale; mwandishi Plinius wa Roma aliwaeleza katika karne ya kwanza, naye aliwahurumia kwa umaskini wao. Katika visiwa vidogo vya pwani hiyo nyumba za namna hiyo zipo hadi leo. Waliobuni mtaa wa vioo wa karne ya 21 walichukua maarifa ya mvuvi na mfugaji wa pwani, wakayapima kwa vyombo vipya, wakayakubali. Hawakuona haya kufanya hivyo. Jambo hilo moja lingetosha kuwa faida ya mwaka mzima kwa mtaalamu mgeni.

Matembezi yakiendelea, historia nayo hujitokeza. Bwawa la Sandtorhafen lilifunguliwa mwaka 1866 ili meli ziweze kupakua moja kwa moja kwenye gati. Nyuma yake yamesimama maghala ya matofali mekundu yaitwayo Speicherstadt, yaliyoanza kujengwa mwaka 1883 juu ya nguzo za miti zilizogongomelewa katika tope, na ambayo tangu 2015 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maelfu ya watu, yapata 20,000, walihamishwa ili maghala hayo yapate nafasi, hawakuulizwa. Humo zilihifadhiwa kahawa, chai, kakao na viungo. Mei 1968 meli ya kwanza iliyobeba makontena tu iliingia bandari ya Hamburg, nayo haikuja kwenye mabwawa haya bali ilikwenda upande wa kusini wa mto, ambako palikuwa na uwanja mpana. Sanduku la chuma halihitaji ghala la orofa tano wala mamia ya wachukuzi. Linahitaji winchi kubwa na eneo tupu. Mabwawa ya kaskazini yakabaki bila kazi polepole, na hiyo ndiyo sababu ardhi kubwa namna hiyo ilipatikana karibu na kitovu cha mji.

Msomaji wa pwani atayakuta humo majina anayoyajua. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Lübeck na Bremen ilifanya mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar, na kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa ikinunua simbi kule Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1890 ilianzishwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie kwa ajili ya safari za Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar. Upande wa mashariki wa mtaa kuna bwawa la Baakenhafen, ambako askari walipakiwa kwenda kuwapiga Waherero na Wanama katika vita vilivyoanza mwaka 1904. Karibu na chuo kikuu iko bustani iliyobeba kumbukumbu ya kituo cha zamani cha reli, ambacho kutoka hapo Wayahudi, Wasinti na Waroma zaidi ya 8,000 walisafirishwa kati ya 1940 na 1945 kupelekwa kwenye mageto na kambi za maangamizi. Aidha mtaa una uwanja uliopewa jina la Vasco da Gama. Mpita njia wa Ulaya husoma hapo jina la baharia shujaa. Mtu wa Kilwa anakumbuka kuwa mwaka 1502 baharia huyo aliutishia mji wake kwa mizinga hadi ukalipa kodi ya dhahabu. Kibao ni kimoja na herufi ni zile zile.

Kichwa cha mtaa ni ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017, wenye kimo cha mita 110. Umepanda juu ya ghala la miaka ya 1960 lililohifadhi kakao. Ghala lilikuwa na nguzo za msingi 1,111 za zege yenye nondo. Kwa ajili ya uzito mpya ziliongezwa nyingine 650. Ukumbi mkubwa umekalishwa juu ya springi ili mtikisiko na honi za meli zisiingie katika muziki. Hizo ni kazi za kustaajabisha. Lakini makadirio ya kwanza yalisema mji utatoa euro milioni 77, na ulipomalizika, miaka saba baada ya tarehe iliyotazamiwa, mji ulikuwa umetoa milioni 789. Mashariki mwa mtaa, karibu na madaraja ya Elbe, ulianzishwa mnara wa Elbtower uliokusudiwa kufika mita 245. Oktoba 2023 ujenzi ulisimama ukiwa na kimo cha mita 100 hivi kwa sababu mjenzi aliishiwa na fedha. Ni dhahiri kwamba huko Ulaya pia kichwa cha mji hujengwa kwa tamaa na hesabu zisizotimia. Miguu yake ndiyo iliyojengwa kwa kipimo, na picha zinazorudi nyumbani karibu zote ni za kichwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba mtu hakupelekwa ng'ambo kutembeatembea. Ana kazi, na anayemlipa ana haki ya saa zake. Hoja hiyo ni nyepesi. Jioni mbili kwa juma hazipunguzi kitu katika kazi ya maabara, na mwanasayansi asiyeweza kuuliza swali nje ya chumba chake cha kazi hana budi kutiliwa shaka hata akiwa ndani ya chumba hicho.

Hoja ya pili ni nzito. Hamburg ni mji tajiri. Yanini kujifunza mambo ambayo Dar es Salaam haiwezi kuyalipia? Kuna ukweli ndani yake, na wenye kusifu kila kitu cha ng'ambo hawapendi kuusikia. Ardhi ya HafenCity karibu yote ilikuwa mali ya mji wenyewe, hivyo mauzo ya viwanja yaliweza kugharimia barabara, madaraja na bustani. Ilikuwa bandari iliyotelekezwa, wala haikuwa makazi ya maelfu ya watu. Nyumba za mwanzo zilikuwa za wenye fedha, na baadaye tu ndipo lilipoingia sharti la kutenga sehemu kwa kodi nafuu. Anayeuchukua mtaa huo mzima kama kielelezo cha kuigwa atakuwa amekosea, lakini kujifunza na kuiga ni mambo mawili, na mfano wa kuonyesha tofauti yake uko Jangwani.

Mto Msimbazi unaanza katika vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la zamani la Selander. Desemba 2011 ilinyesha Dar es Salaam mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema haikuwa na mfano tangu 1954. Watu wasiopungua 40 walikufa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini watu walikuwako kabla ya sheria, na wengine wameingia baada yake. Hata kituo cha mabasi yaendayo haraka, ambayo huduma yake ilianza mwaka 2016, kiliwekwa Jangwani, na maji yamekiingia zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, pamoja na kuutengeneza mkondo na kujenga daraja jipya la Jangwani.

Mtaalamu aliyerejea kutoka Hamburg na picha tu anaweza kusimama mkutanoni na kusema: huko wameinua ardhi kwa udongo, na hapa iinuliwe vivyo hivyo. Atapigiwa makofi. Naye atakuwa amewatayarishia jirani zake msiba, kwa sababu ya tofauti moja ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa. Maji yanayoitisha HafenCity hutoka baharini. Kilima kikijazwa Hamburg, maji yaliyonyimwa nafasi hurudi katika Bahari ya Kaskazini, na bahari hiyo haipandi hata unene wa unywele. Maji ya Msimbazi hutoka juu, kwa mvua, na yana bonde moja la kupita. Hekta moja ya bonde hilo ikijazwa udongo hadi juu ya maji ya kina cha mita moja, mita za ujazo 10,000 zitakuwa zimenyimwa mahali pa kukaa. Ni kama magari 1,000 ya maji, kila moja likibeba lita 10,000. Maji hayo hayapotei. Yatakwenda ng'ambo ya pili ya mto, au yatarudi nyuma na kuingia katika nyumba ambazo hazijawahi kufurika. Na ikiwa mvua imekutana na bamvua, mlango wa mto nao umezibwa na bahari kwa muda, na bonde hugeuka bakuli.

Kujaza udongo bondeni si jambo lisilowezekana. Linaweza kufaa ikiwa mkondo umepanuliwa na kuchimbwa kwanza kiasi cha kurudisha ile nafasi iliyochukuliwa, na zaidi. Lakini hilo ni jibu jingine kwa swali jingine. Mtaalamu aliyezunguka HafenCity kwa macho ya kazi atarudi pasipo vilima mfukoni. Atarudi na maswali: maji yanakuja kutoka upande gani, yana mahali pengine pa kwenda, kipi kinaruhusiwa kuzama na kipi hakiruhusiwi, gari la wagonjwa litapita wapi siku hiyo, na nani mwenye ardhi. Atauliza pia wazee wa Kigogo walikuwa wakijenga wapi kabla ya mji kuwazidi, maana Wajerumani walimsikiliza mvuvi wao.

Swali la kwanza kabisa, yaani maji yalifika wapi, ndilo lenye majibu haba. Hamburg ina alama za mafuriko zilizowekwa ukutani, kila moja na mwaka wake, na kipimo cha maji kinachosomwa daima. Kando ya Msimbazi alama zipo, lakini ni za matope, na chokaa ya sikukuu inayofuata huzifuta. Kazi ya kuziokoa haihitaji safari ya ng'ambo wala fedha za benki. Shule ya sekondari ya Magomeni, Kigogo au Ilala inaweza kuifanya katika juma moja baada ya mafuriko, kwa mpira wa maji wanaotumia waashi: mpira mwembamba unaopenyesha mwanga, wa mita 20 hivi, uliojazwa maji. Ncha moja huwekwa kwenye alama ya tope, ya pili kwenye ukuta wa nyumba inayofuata, na maji yakitulia pande zote mbili huwa katika usawa mmoja. Kwa kurudia hivyo nyumba hadi nyumba wanafunzi wataufikisha usawa wa mafuriko hadi kwenye nguzo ya daraja au ukuta wa shule, na hapo wataupaka rangi ya mafuta, pamoja na tarehe. Lipo jambo moja la kuangalia: mapovu ya hewa yakibaki ndani ya mpira usawa hudanganya, na makosa hujilimbikiza kila mpira unapohamishwa. Hutolewa kwa kuinua mpira na kuugongagonga kwa kidole kabla ya kuanza, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kumwonyesha mwalimu namna ya kufanya hivyo.